Seva ya Mtumba, Kerneli Mpya: Draiva ya Kidhibiti cha Diski Itoke Wapi?

Fundi anachomeka fleshi, anawasha seva, anachagua lugha na saa za eneo, kisha anafika kwenye ukurasa wa kuchagua diski. Ukurasa ni mtupu. Diski zote ziko mahali pake, taa zake za kijani zinawaka, na dakika chache zilizopita kidhibiti kilizitaja moja baada ya nyingine mashine ilipokuwa ikiamka. Mfumo mpya unasisitiza kwamba hakuna diski.

Hali hii hujitokeza sana mahali panapotegemea seva za mitumba. Makutano ni mahali pa namna hiyo, iwe ile ya Meru mjini au ile ya njiapanda ambapo barabara ya Embu inaachana na ya Sagana. Sacco, shule ya bweni, zahanati au duka la jumla likitaka seva yake lenyewe, mashine zinazopatikana kwa bei ya kuvumilika ni Dell PowerEdge R710 na R720, au HP ProLiant DL380 G7, zilizokwisha kutumika ng'ambo. Ni mashine imara. Ila vidhibiti vyake vya diski vilibuniwa kabla ya mifumo inayowekwa leo.

Hapo ushauri huanza kumiminika. Mmoja anasema diski zimekufa. Wa pili anasema pakua draiva ya mtengenezaji. Wa tatu anataka mashine irudishwe kwenye CentOS 7, wa nne anataka kadi ya kidhibiti ing'olewe, na wa tano anauliza kwa nini kuwe na seva ilhali kuna wingu. Ukiacha ule wa kwanza, kila ushauri una ukweli wake, na kila mmoja una gharama ambayo mtoaji haitaji. Uchambuzi huu unazipima njia hizo. Hoja yake kuu ni kwamba kupata draiva itakayoiona diski leo ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Sehemu nzito ni kujua nani atakuwa mbele ya mashine siku kerneli itakapobadilika.

Chanzo: draiva isiyoweza kusubiri

Draiva nyingi zinaweza kungoja. Printa ikikosa draiva, kompyuta itawaka, mtumiaji ataingia, na draiva itatafutwa kesho. Ya kidhibiti cha diski haingoji. Mfumo umo kwenye diski, diski ziko nyuma ya kidhibiti, yaani kadi ya RAID inayoziunganisha, na kerneli haiwezi kuzungumza na kadi hiyo bila draiva. Draiva ikiwa imehifadhiwa kwenye diski hizo hizo tu, huo ni ufunguo uliofungiwa ndani ya sanduku lake.

Jamii ya Unix imekabiliana na fumbo hili tangu zamani. SCO ilikuwa na disketi za BTLD zilizopakia draiva mashine ikiwaka, Solaris ya x86 ikawa na ITU, na Red Hat ikatoa disketi zake za draiva. Linux ya leo hutumia initramfs, yaani fungu dogo la faili linalopakiwa kwenye kumbukumbu pamoja na kerneli likiwa limebeba draiva za lazima. Programu ya GRUB hulisoma fungu hilo kwa msaada wa BIOS ya kadi yenyewe, bila kuhitaji draiva ya Linux. Ndiyo maana menyu ya GRUB inaweza kuonekana vizuri kabisa, kisha kerneli ikaanza na kudai haioni diski. Katika FreeBSD kazi hiyo ni ya kipakiaji kinachosoma moduli zilizotajwa kwenye /boot/loader.conf, na draiva za kadi za kawaida, kama mfi na mrsas za MegaRAID na ciss ya Smart Array, zimo tayari ndani ya kerneli ya GENERIC.

Kwa hiyo kuna hitilafu mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza hutokea wakati wa kusakinisha: programu ya usakinishaji haina draiva inayofaa. Hii inaudhi, lakini haiharibu kitu, kwa kuwa diski bado hazina data. Ya pili huja baada ya miezi kadhaa: kerneli imesasishwa, initramfs mpya imetengenezwa bila draiva, na mashine inazimwa na kuwashwa ikiwa na hesabu za wanachama ndani yake. Ushauri mwingi unaotolewa mtaani huponya ya kwanza na kuiandaa ya pili.

Kilichobadilika tangu 2019

Mei 2019 Red Hat ilitoa toleo la 8 la mfumo wake wa seva, RHEL. Katika toleo hilo iliondoa uwezo wa kutambua vidhibiti kadhaa vya zamani, na namna ilivyofanya ndiyo iliyowachanganya wengi. Draiva za megaraid_sas, ya kadi za PERC za Dell, na hpsa, ya Smart Array za HP, hazikufutwa. Kilichofutwa ni baadhi ya nambari za PCI katika orodha ya kadi ambazo draiva hizo zinakubali kuzihudumia.

Nambari hizo zinastahili kutazamwa kwa karibu. Amri ya lspci -nnk huonyesha kila kadi pamoja na nambari yake. PERC H310 ni 1000:0073, PERC H700 ni 1000:0079, PERC H710 ni 1000:005b, na Smart Array P410i iliyomo kwenye DL380 G7 ni 103c:323a. RHEL 8 iliacha kuzitambua H310, H700 na P410i, lakini ikaendelea kuitambua H710. Weka R720 mbili kando kwa kando, za mwaka mmoja na rangi moja, moja ikiwa na H310 na nyingine H710: ya pili itasakinishwa bila neno, ya kwanza itasema haina diski. Fundi akiipakia draiva kwa mkono kwa amri ya modprobe megaraid_sas, haitalalamika. Itaingia na kukaa kimya, na kwenye majibu ya lspci mstari wa "Kernel driver in use" hautaonekana chini ya kadi hiyo.

Majina ya biashara yanazidisha utata. Kampuni ya LSI, iliyobuni chipu za PERC hizo, ilinunuliwa na Avago mwaka 2014, na Avago ikachukua jina la Broadcom mwaka 2016. Chipu ya ukoo mmoja inaweza kuitwa LSI, Avago, Broadcom, PERC kwa Dell au ServeRAID kwa IBM. Anayetafuta draiva kwa jina la kwenye kibandiko atapotea. Kinachoaminika ni nambari ya PCI.

Red Hat nayo ina hoja yake. Inapoahidi kulihudumia toleo moja kwa miaka kumi, inaahidi kujaribu na kurekebisha kila kifaa kilichomo kwenye orodha. Kifaa ambacho hata aliyekitengeneza hakirekebishi tena ni mzigo usio na mwenyewe. Mteja wake mkuu ni kampuni inayobadilisha seva kila baada ya miaka michache. Mnunuzi wa mtumba wa Meru au Embu hakuwa mezani uamuzi ulipofanywa.

Mambo mawili yaliyofuata yaliwasukuma watu wengi kwenye ukuta huo kwa pamoja. Desemba 2020 ilitangazwa kwamba CentOS Linux 8, nakala ya bure ya RHEL, ingefikia mwisho tarehe 31 Desemba 2021. Kisha CentOS 7, ambayo bado ilizitambua kadi hizo, ikafikia mwisho wake tarehe 30 Juni 2024. Walioihama walikimbilia Rocky Linux na AlmaLinux, zote za 2021, wakidhani ni pacha wa RHEL. Kwa muda zilikuwa hivyo. Lakini baada ya Red Hat kubana upatikanaji wa msimbo wake chanzo Juni 2023, AlmaLinux iliacha kuiga kila kitu nukta kwa nukta, ikabaki na ahadi kwamba programu za RHEL zitaendelea kufanya kazi juu yake. Uamuzi huo uliipa nafasi ya kufanya jambo ambalo Rocky, kwa kushikilia uigaji kamili, haikulifanya: Mei 2024, katika matoleo ya 9.4 na 8.10, AlmaLinux ilirudisha nambari nyingi za kadi zilizokuwa zimeondolewa, zikiwemo za draiva za megaraid_sas, mpt3sas na hpsa.

Msimamo wa kwanza: tumia draiva iliyomo ndani ya kerneli

Wanaoshika msimamo huu husema usitafute draiva, tafuta mfumo ambao tayari unayo. Kerneli asilia ya Linux haijaitupa H310 wala P410i. Debian na Ubuntu huifuata kerneli hiyo kwa karibu, na AlmaLinux imerudi njiani kama ilivyoelezwa.

Nguvu ya msimamo huu inatokana na jinsi Linux inavyojengwa. Ndani ya kerneli hakuna mkataba wa kudumu kati ya draiva na sehemu nyingine. Jambo hilo ni la makusudi, na Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wakuu wa kerneli, aliandika waraka unaotetea uamuzi huo. Anayebadilisha sehemu ya ndani ana wajibu wa kurekebisha draiva zote zilizomo ndani, na zilizo nje hubaki kujitafutia. Kwa mwenye seva, maana yake ni kwamba draiva ya ndani husafiri na kerneli. Kerneli ikisasishwa, draiva imekwisha kutengenezwa pamoja nayo, na initramfs huipata bila mtu kukumbuka chochote.

Udhaifu upo wa aina tatu. Kwanza, muuzaji wa programu ya Sacco au ya hospitali anaweza kukataa kutoa huduma nje ya mifumo aliyoithibitisha, na mara nyingi orodha yake ni fupi. Pili, kutambuliwa si sawa na kujaribiwa. Kadi ya zamani inaweza kubaki kwenye orodha ilhali wachache tu bado wanayo ya kufanyia majaribio, na kasoro ikaishi muda mrefu kabla ya kugunduliwa.

Tatu, hata kerneli asilia hubadilisha mambo. Kadi za Smart Array zilihudumiwa na draiva ya cciss, iliyoiita sehemu ya kwanza ya diski /dev/cciss/c0d0p1. Draiva mpya ya hpsa iliingia mwaka 2010 ikiziita diski /dev/sda kama nyingine zote, na cciss ikaondolewa kabisa mwaka 2017. Aliyeandika majina ya zamani kwenye /etc/fstab alikuta seva haiwaki japo draiva ipo. FreeBSD ina kisa kinachofanana: kadi za kizazi cha H710 huchukuliwa na mfi na diski huitwa mfid0, lakini ukiwasha kigezo cha hw.mfi.mrsas_enable zinahamia mrsas na kuitwa da0. Dawa katika pande zote mbili ni kutaja diski kwa UUID au kwa lebo, kamwe si kwa jina linalotolewa na draiva.

Msimamo wa pili: ongeza draiva kutoka nje

Hapa fundi anabaki na RHEL au Rocky na kuleta draiva pembeni. Njia yenyewe si ngumu. Mradi wa ELRepo hutengeneza vifurushi vya draiva vya kmod-megaraid_sas, kmod-mpt3sas na kmod-hpsa, pamoja na taswira za ISO za diski ya draiva. Taswira huandikwa kwenye fleshi ya pili, neno inst.dd linaongezwa kwenye mstari wa kuwashia, na programu ya usakinishaji inauliza draiva iko wapi. Fleshi ikiwa na lebo ya OEMDRV, huchukuliwa yenyewe bila kuuliza. Diski zinaonekana, kazi inaendelea, na kmod inasakinishwa pamoja na mfumo.

Faida ni kwamba muuzaji wa programu anapata mfumo anaoutaka, mashine ya zamani inaendelea kutumika, na kazi yote inamalizika siku moja. Kwa upande wa mtengenezaji, matumaini ni madogo zaidi: yeye hutoa draiva kwa matoleo aliyoyathibitisha kwa mashine hiyo, na kwa seva ya miaka ya R710 orodha hiyo ilifungwa zamani.

Gharama hujificha kwenye masasisho. Red Hat huahidi kwamba sehemu fulani za kerneli yake hazitabadilika ndani ya toleo kuu, na kwa ahadi hiyo kmod iliyotengenezwa kwa kerneli moja huunganishwa na inayofuata. Ahadi hiyo haihusu sehemu zote. Toleo dogo linapopanda, kwa mfano kutoka 8.3 hadi 8.4, draiva huweza kukataliwa hadi ELRepo itengeneze nyingine. Mashine iliyoachwa ijisasishe yenyewe itapakua kerneli mpya, itatengeneza initramfs isiyo na draiva, na haitatoa dalili yoyote mpaka siku itakapowashwa upya. Hapo skrini itaandika "dracut-initqueue timeout" mara nyingi mfululizo, kisha itaishia kwenye mstari wa dracut:/# unaosubiri amri.

Tiba ya dharura ni rahisi kwa anayeijua. Kwenye menyu ya GRUB kerneli za nyuma bado zipo, maana kwa kawaida mfumo huhifadhi tatu, na ile ya zamani ina draiva yake. Lakini menyu ya GRUB inahitaji mtu mbele ya skrini. Dell ina iDRAC na HP ina iLO za kuiongoza mashine kutoka mbali, ila kuiona skrini kupitia kwazo huhitaji leseni ya juu, ambayo si kila seva ya mtumba huja nayo. Fundi akiwa Nairobi na seva ikiwa Makutano ya Meru, umbali wa zaidi ya kilomita 200, sekunde chache za kubonyeza kitufe hugeuka kuwa safari ya siku nzima.

Kwenye mashine mpya zenye Secure Boot kuna kizingiti kingine. Kerneli hukataa moduli isiyo na saini inayoitambua, kwa hiyo ufunguo wa aliyetengeneza draiva lazima usajiliwe kwa mokutil, na usajili huo hukamilishwa kwenye skrini mashine inapowaka. Kwa mara nyingine, lazima mtu awepo.

Wapo wanaokwepa kusubiri vifurushi kwa kutumia DKMS, ambayo hutengeneza draiva upya kutoka msimbo chanzo kila kerneli mpya inapoingia. Njia hii inafaa kwa kadi ya ziada, kwa mfano ya kinasa cha tepu. Kwa kadi inayobeba mfumo mzima ni kamari. Msimbo ukigoma kutengenezeka kwa sababu kerneli imebadilika ndani, ujumbe wa kosa hupita katikati ya mistari mingi ya usasishaji, na matokeo ni yale yale ya initramfs tupu.

Msimamo wa tatu: baki na mfumo wa zamani

Hoja ya hapa ni ya kimaisha zaidi kuliko ya kiufundi: CentOS 7 inafanya kazi, kwa nini iguswe? Kweli, mfumo usiobadilika haupotezi draiva. Kwa mashine isiyounganishwa na mtandao wowote, kama ile inayoendesha kifaa kimoja cha maabara, hoja hii inaweza kusimama.

Kwa seva yenye data za watu haisimami. Tangu Juni 2024 CentOS 7 haipati viraka vya usalama vya bure. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu achukue hatua za kiufundi kuzilinda, na inampa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data iwapo zimevuja kwa namna inayowatia wahusika hatarini. Sacco zinazopokea amana zinawajibika pia kwa SASRA, mamlaka inayozisimamia. Kujitetea kwamba mfumo uliachwa bila viraka kwa sababu ya kadi ya diski ni utetezi dhaifu. Msimamo huu una thamani kama daraja la wiki kadhaa, seva ikiwa imetengwa nyuma ya kizuizi cha mtandao, wakati njia ya kudumu inaandaliwa.

Msimamo wa nne: badili kadi, au iondoe RAID kwenye kadi

Kuna matawi mawili hapa. La kwanza ni kununua kadi inayotambuliwa. Kwenye R720, H310 ndogo hutolewa na H710 ndogo ikaingia mahali pale pale. Kadi za mitumba huuzwa Nairobi na kufika Meru au Embu kama mzigo wa matatu. Tatizo la draiva linaisha kabisa, bila kmod na bila kubadili mfumo. Gharama ni fedha ya kadi, muda wa kusubiri, na hatari ya kuhamisha diski zenye data kutoka kadi hadi kadi, jambo lisilofanywa kabla ya nakala rudufu kuchukuliwa na kujaribiwa.

La pili ni kubwa zaidi: kuigeuza kadi iwe mpitishaji tu wa diski, na kuiachia Linux au FreeBSD kazi ya RAID kwa programu ya mdadm au mfumo wa faili wa ZFS. FreeBSD imekuwa ikisakinishwa juu ya ZFS moja kwa moja tangu toleo la 10.0 la 2014. Faida yake kuu huonekana kadi inapokufa. RAID ya kadi huandikwa kwa lugha ya kadi, na data zitasomeka tu ukipata kadi ya ukoo huo. RAID ya mdadm au ZFS husomeka kwenye mashine yoyote yenye mfumo unaofaa. Kwa mji ambao vipuri vinaagizwa kutoka mbali, uhuru huo ni mkubwa. H310 ina sababu ya ziada: kwa programu yake ya ndani ya Dell hupokea maombi 25 tu kwa wakati mmoja, lakini ikiandikwa ile ya LSI ya kupitisha diski hupokea 600.

Kinachopotea ni kache yenye betri. PERC H700 na H710 hupokea data kwenye kumbukumbu ya kadi na kujibu "tayari" kabla diski hazijaandikwa, na betri huzilinda data hizo stima ikipotea. Suala la stima si la kufikirika. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani kwa saa nyingi, na kuwa jirani wa mabwawa ya Tana hakuiokoi Embu gridi inapoanguka. RAID 5 ya mdadm isiyo na kumbukumbu ya akiba inaweza kubaki na maandishi nusu-nusu stima ikikatika katikati ya kazi, ilhali ZFS ilibuniwa kuepuka hali hiyo hiyo. Lakini ni haki kuuliza pia: betri ya kadi ya mtumba ina umri gani? Betri iliyochoka huifanya kadi iache kutumia kache ya kuandika, na mwenye seva hubaki na kasi ndogo bila kujua sababu. Kinachobaki ni hatari ya kuandika programu mpya kwenye kadi. Hatua moja ikikosewa, kadi huwa bati.

Msimamo wa tano: ondokana na kadi kwa kuhamia wingu

Seva ya kukodi haina kadi ya RAID inayoonekana. Diski zake hufika kwa virtio au NVMe, draiva ambazo kila kerneli ya leo inazo. Hata hivyo swali la draiva halifi. Mfumo wa zamani ukihamishwa ulivyo, initramfs yake inaweza kukosa virtio na ukagoma kuwaka huko pia. Zaidi ya hayo, kituo kamili cha karibu cha AWS barani kiko Cape Town, kilichofunguliwa 2020, na shule au Sacco ambayo intaneti yake hukatika stima inapopotea haitafikia hesabu zake kwa muda huo. Malipo nayo ni ya kila mwezi na aghalabu kwa dola.

Kuweka tabaka la mashine pepe juu ya seva ile ile hakukwepi jambo. ESXi 7.0 ya VMware, ya Aprili 2020, iliacha kutumia draiva za zamani za vmklinux, na kadi nyingi zikaachwa nje. Proxmox, iliyojengwa juu ya Debian, huzitambua kadi hizo kwa sababu ile ile ya msimamo wa kwanza.

Kupima mizani

Zikiwekwa pamoja, njia hizi zinatofautiana kidogo kwa ugumu wa siku ya kwanza na sana kwa mzigo wa siku zinazofuata. Draiva ya ndani ya kerneli ina mzigo mdogo wa matengenezo kuliko zote. Kmod ni nafuu siku ya kwanza na ghali baadaye. Kadi mpya ni ghali siku ya kwanza na nafuu baadaye. Mfumo wa zamani unaonekana bure mpaka siku ya tukio.

Maswali matatu huamua. La kwanza: yupo mtu anayelipwa kuiangalia seva kila mwezi, anayeweza kuifikia siku hiyo hiyo? Kama hayupo, draiva ya nje isiwekwe kwenye kadi inayobeba mfumo. Ofisi ndogo, shule au zahanati inayomwita fundi tatizo likitokea inafaa Debian, Ubuntu au AlmaLinux, na draiva iliyomo.

La pili: muuzaji wa programu anadai RHEL tu? Aulizwe kwanza kwa maandishi kama anakubali AlmaLinux. Akikataa, ni busara kununua kadi inayotambuliwa kuliko kubeba kmod kwa miaka. Kmod inabaki halali kwa taasisi yenye msimamizi wa kudumu ambaye huzuia kerneli isijisasishe yenyewe, hujaribu kila toleo kwenye mashine ya pili, na kabla ya kuwasha upya huendesha lsinitrd kuhakikisha draiva imo ndani ya initramfs mpya. Ukaguzi huo huchukua dakika moja na huzuia sehemu kubwa ya misiba iliyoelezwa hapa.

La tatu: kadi ikifa leo, data zitasomeka wapi? Anayekosa jibu ana sababu nzuri ya kufikiria ZFS au mdadm, akiongeza UPS inayozima seva kwa utaratibu. Aliye na kadi ya akiba kabatini na betri nzima anaweza kubaki na RAID ya kadi bila wasiwasi mkubwa.

Muhtasari

Diski zisizoonekana wakati wa kusakinisha mara nyingi ni nzima, na kadi pia ni nzima. Kinachokosekana ni makubaliano kati ya nambari ya PCI ya kadi na orodha iliyomo ndani ya draiva. RHEL 8 ilizifuta nambari kadhaa mwaka 2019, Debian na Ubuntu zimeendelea nazo, AlmaLinux ilizirudisha 2024, na mwisho wa CentOS 7 ukawalazimisha wengi kuchagua kwa haraka. Anayeanza leo asome nambari kwa lspci -nnk kabla ya kulipia seva au kupakua mfumo, apendelee draiva iliyomo ndani ya kerneli, na pale isipowezekana anunue kadi badala ya kubeba draiva ya nje. Draiva ya nje ni ya mwenye fundi wa kudumu, mfumo wa zamani ni wa muda tu, na wingu ni la mwenye intaneti isiyoyumba na bajeti ya kila mwezi. Kwa taasisi nyingi za Makutano zisizo na msimamizi wa seva, mpango bora ni ule ambao kerneli itasasishwa, mashine itawashwa upya, na hakuna atakayelazimika kusafiri.